Shangazi, na mimi nitapumzika lini?

Mwezi huu kina mama mmeniandikia mpaka nikasema maswali ya mahari na mirathi yasubiri, nitayarudia. Meseji zimetoka huku kwetu Mwanza, Kayenze, Mabatini, Kisesa, Buzuruga, na moja ya baba mmoja wa Igoma ambaye nimemweka mwisho makusudi, na yeye aonje kusubiri. Majina nimeyatoa yote. Mnauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, mtu kachoka na hajui hiyo nafasi ya kupumzika aitolee wapi. Msimamo wangu nausema mapema tusizungushane: mama hapumziki kwa kuambiwa pumzika, anapumzika pale mtu mwingine anayejulikana anaposhika kazi fulani kwa saa fulani. Pole haiogeshi mtoto.

Shikamoo shangazi. Mi nipo Kayenze, nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi mitatu na nusu. Mume wangu anavua dagaa, anaingia ziwani usiku anarudi asubuhi analala, mi naenda kuanika na mtoto mgongoni, nikirudi nipike nifue nichote maji, usiku mtoto ananyonya kila saa. Tangu nijifungue sina raha, nalia bila sababu, chakula hakipiti, hata mtoto akilala mi usingizi hauji namwangalia tu. Juzi mkubwa kamwaga uji nikamchapa mpaka jirani akaja kumtoa mikononi mwangu, alafu nikakaa nalia kuliko yeye. Saa ingine nawaza bora nilale nisiamke tu. Mama anasema niombe sana Mungu, dada yangu anasema nimerogwa, mume anasema siku hizi umekuwa mkali. Nipumzikeje mimi na hali hii?

Marahaba mwanangu. Nimesoma ujumbe wako nikaishia kwenye ule mstari wa bora nisiamke, nikaona hapo ndo pa kuanzia, mengine yatafuata. Leo hii hii mwambie mtu mzima mmoja aliye karibu na wewe, yule jirani aliyekuja kumtoa mtoto anafaa kabisa, mwambie maneno yale yale ulioniandikia mimi, usiyapunguze wala usiyachekee. Alafu kesho nenda zahanati na huyo jirani. Ukifika usimwambie muuguzi "nimechoka", maana kila mama kwenye lile benchi kachoka na utapewa dawa ya kichwa urudi nyumbani. Mwambie silali hata mtoto akilala, nalia kila siku, nawaza kufa. Na hili naomba hata mume wako asomewe: kama wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto linakujia kwa nguvu, au ukaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hapo hakuna kusubiri kukuche, unapelekwa hospitali saa hiyo hiyo na usiachwe peke yako na mtoto hata kidogo.

Sasa nikueleze kinachonifanya niseme hivi. Mimi nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi kabla ya kustaafu, machozi ya wazazi nimeyaona sana. Kuna yale ya siku ya tatu siku ya nne baada ya kujifungua, homoni zimeshuka ghafla, kidonda hakijapona, maziwa yamejaa, mtu analia hata akiangalia kanga iliyoanikwa, hayo yanaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yako yana miezi mitatu. Na mama aliyechoka tu bila ugonjwa, mtoto akilala na yeye anaanguka kama gunia, wewe usingizi umekukimbia hata nafasi ikiwepo. Hiyo ni sonona baada ya kujifungua, ugonjwa wa huzuni nzito, au inafanana nayo kiasi kwamba lazima mtaalamu akuangalie. Na haupo peke yako hata kama kila mtu pale mwaloni mnapoanika anacheka, Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano anapata shida ya afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa kati ya hizo ni sonona yenyewe.

Hukohuko zahanati waombe wakupime na damu. Uliyejifungua majuzi, huli vizuri na unanyonyesha, damu ikipungua mwili unakuwa mzito, moyo unaenda mbio, hasira ziko karibu, na mtu anaweza akadhani ni roho tu inaumwa. Malaria nayo huku Kanda ya Ziwa haijatuacha. Na kwa kuwa unachota maji na kufua ziwani, taja kichocho, usisubiri waulize, kwa sababu kichocho kinakunywa damu taratibu na mtu anazoea uchovu wake akadhani ndo alivyoumbwa. Kutibika vyote vinatibika. Sonona yenyewe inatibika kwa mazungumzo na mshauri, na ikibidi kwa dawa, zipo dawa ambazo mama anatumia huku ananyonyesha, daktari ndo anachagua, usiache kwenda ukiogopa utamwachisha mtoto ziwa. Zahanati wakishindwa wakupe rufaa, Sekou Toure ndo hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali ya Bugando nayo ina idara ya afya ya akili. Ukitaka kuuliza kwanza kwa simu, namba ya Wizara ya Afya ni 199, ni bure.

Mama yako mwambie sala unaendelea nayo, haijawahi kugombana na hospitali. Dada yako na habari za kurogwa mwache na imani yake, ila asikucheleweshe.

Sasa huyu mvuvi wetu. Sitaki kumsema vibaya, kuvua dagaa usiku kucha na upepo wa ziwa ni kazi ngumu, anayebisha aende siku moja akavute nyavu. Lakini mwanangu wewe na mimi tunajua dagaa wanavuliwa kipindi cha giza, wakifuata taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina maana tena, mitumbwi inapumzika, wanaume wanashona nyavu kidogo, wanalala, wanacheza drafti, wengine wanazihamishia hela zote kwa mama muuza pombe. Hizo ndo siku zako. Kaa naye kabla mbalamwezi haijafika, siyo siku umekasirika, siku ameuza vizuri na amekula, mwambie hivi: kipindi cha mbalamwezi chote, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba mtoto ni wako. Unanyonyesha saa mbili, unaenda kulala chumba kingine au kwa jirani kama chumba ni kimoja, mtoto akiamka yeye anambeba, anambadilisha, anamzungusha nje, na kama kuna maziwa uliyokamua anampa kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri. Masaa matano yakifuatana yanamfanyia mama kitu ambacho masaa nane ya kukatwakatwa hayawezi. Usimwambie "nisaidie", ukisema nisaidie atachota ndoo moja ya maji na kuhesabu amemaliza, mwambie saa na mwambie kazi.

Kipindi cha giza ambapo hayupo, rudi kwa wenzako mnaoanika pamoja. Najua mchezo wa hela mnacheza, hakuna mwalo usio na mchezo. Chezeni na mchezo wa masaa. Wanne mkikubaliana, kila siku mmoja anakaa kivulini na watoto wa wote, watatu wanaanika na kugeuza dagaa, kesho mwingine. Na ile siku yako ya kukaa kivulini usibebe kazi nyingine, usichambue mchele wala usishone, kaa. Mwenye zamu ya kupokea, jioni yake analala, watoto wake wakubwa wanakula kwa mwenzake. Haina hela, haina katiba, na mtu akikwepa zamu mnajua mtamfanya nini, nyie kwenye mchezo hamnaga utani.

La mwisho kwako, ukisikia mkono unakuja juu tena, au mtoto mchanga analia mpaka kichwa kinataka kupasuka, mlaze chali kitandani mahali hawezi kuanguka, toka nje dakika chache, nawa uso, pumua, alafu rudi. Mtoto kulia dakika tano akiwa salama hakumdhuru, kumtikisa kunamdhuru. Huyo mkubwa aliyemwaga uji muombe radhi, watoto wanasamehe haraka. Na uniandikie umefika zahanati, nasubiri.

Shangazi mambo, niko Mabatini, mtoto wangu wa miezi saba halali usiku kabisaa na mi asubuhi nauza chapati kuanzia saa kumi na moja. Shoga angu kaniambia nimpe kijiko cha ile dawa ya mafua ya maji inayosinzisha, yeye kamlelea mwanae hivyo na hajafa. Nimpe?

Usimpe. Usimpe hata nusu kijiko, hata tone, na hiyo chupa iweke juu ya kabati. Dawa za mafua zinazosinzisha kwa mtoto mdogo namna hiyo zinaweza kupunguza pumzi akiwa amelala, wewe unafurahi katulia kumbe kazimika. Mtoto wa shoga ako kupona ni bahati. Miezi saba wengi wanaota meno na wameanza kula, angalia jioni anakula nini, kama ni uji mwepesi wa maji maji njaa inamwamsha, uongeze karanga zilizosagwa laini kabisa au dagaa waliosagwa, na ufanye jioni zote zifanane, kuoga, kula, kunyonya, taa kuzima, na TV ya jirani muombe apunguze. Kama analia kwa maumivu, ana homa, au anavuta sikio, mpeleke wamuone. Na wewe mama chapati, saa kumi na moja alfajiri unaikuta kwa sababu unakanda unga saa nne usiku, sivyo? Kanda saa kumi na mbili jioni funika vizuri, ulale mtoto anapolala, vyombo vitalala vichafu na hakuna polisi wa vyombo.

Habari yako shangazi, mimi nafanya kazi ofisini hapa mjini naishi Kisesa. Nimerudi kazini wiki tatu sasa baada ya likizo ya uzazi. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi narudi saa mbili usiku, foleni na daladala kujaa, nikifika mtoto ananiangalia alafu anamrukia dada wa kazi. Naumia shangazi. Maziwa yanamwagika mchana mpaka blauzi inalowa naenda kujificha chooni. Jumamosi nafua, Jumapili kanisani, Jumatatu tena. Nikifungua simu naona wenzangu niliozaa nao wamependeza wapo bichi wanakula sato, mimi hata nywele sijasuka tangu nijifungue. Nimefikiria kuacha kazi.

Kazi usiache kwanza. Watu wengi wanafanya uamuzi huo wiki za mwanzo, na wiki za mwanzo ndo ngumu.

Hujaniambia kitu kimoja na nina wasiwasi hukijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ile ile iliyokupa zile siku 84 za likizo ya malipo (mapacha wanapewa 100), inasema pia mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya masaa ya kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Siyo hisani ya bosi. Kwa mtu wa Kisesa kwenda kunyonyesha na kurudi mchana haiwezekani, utaishia Igoma muda umeisha, kwaiyo andika barua fupi, narudia andika, usiongee kwenye korido, omba hayo masaa uyatumie kwa kutoka mapema saa za jioni, au saa moja uingie kwa kuchelewa na saa moja uwahi kutoka. Weka nakala yako. Mabosi wengi siyo wabaya, hawajui tu, na asiyejua akipewa barua yenye jina la sheria anajua haraka sana. Ukitoka saa tisa badala ya saa kumi na moja unapata daladala kabla haijageuka vita, na mtoto unamkuta kwenye mwanga wa jua.

Chooni usikamulie, ni pachafu na ni kujidhalilisha. Omba hata stoo yenye komeo, dakika ishirini, mara mbili kwa siku, unanawa mikono kwa sabuni unakamua kwa mkono kwenye chombo kilichochemshwa chenye mfuniko, hiyo mashine siyo lazima. Ofisini kama kuna friji yanakaa humo mpaka unaondoka, friji nzuri inayatunza hadi siku nne, nje kwenye chumba kisicho na joto kali ni masaa manne. Njiani yabebe kwenye kibegi chenye barafu. Kesho dada anampa kwa kikombe. Mwenyewe unakaa umetulia kwa sababu maziwa yaliyojaa na kugoma yanauma kuliko hata hiyo foleni ya Buzuruga.

Kuhusu mtoto kumkimbilia dada. Mwanangu, hiyo ni habari njema ila imekuja na sura mbaya. Maana yake mchana kutwa yuko na mtu anayempenda. Ungekuta anakulilia wewe kwa kwikwi kila jioni na kumwogopa dada, hapo ndo ningekuambia panda daladala ya kwanza urudi. Hakukusahau, mpe nusu saa ukifika, kaa chini sakafuni kabla hujabadilisha nguo, kabla hujagusa sufuria. Na huyo dada naye ana siku yake ya kupumzika kwa wiki? Samahani nimeingilia, lakini wengi mnaoniandikia mmechoka mna binti nyumbani aliyechoka mara mbili yenu na hana pa kuandika.

Mume wako hujamtaja hata kwa herufi moja, nimetafuta. Kama yupo, Jumamosi asubuhi nguo ni zake, ana mikono. Sheria ilimpa angalau siku tatu za likizo mtoto alipozaliwa, sijui alizitumia kufanya nini lakini ndoo za kufulia bado zipo. Ile Jumamosi ya kwanza akiwa anafua wewe nenda kasuke. Usipitie sokoni, usibebe mtoto, kasuke urudi. Hao wa kwenye simu wanaokula sato bichi, ile picha moja imepigwa mara kumi na tano, na kabla ya hapo kuna mtu kabaki na watoto wao, muulize mmoja ni nani, utapata jibu la maana kuliko picha.

Shangazi shikamoo. Mi Mjita wa Musoma nimeolewa usukumani, tunaishi Buzuruga vyumba viwili. Mama mkwe alikuja kutoka Kwimba nilipojifungua, tukamshukuru, sasa mwezi wa tano yupo. Nikilala mchana nusu saa anasema kwa sauti "sisi tulizaa tisa na jembe mkononi". Nikimpa mtoto pampasi anasema uvivu. Mume hasemi kitu. Naogopa kumkosea mayu (ndo mama kwa Kisukuma) lakini nakosa hewa ndani ya nyumba yangu.

Marahaba. Mayu hasemi uongo, alizaa tisa na jembe mkononi. Ila haelezi yote. Kwenye kaya yake pale Kwimba kulikuwa na mkwe wake, mawifi, binti wa miaka kumi wa kubeba mtoto, bibi wa kukaa na wanaotambaa, jirani anayepita na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Akienda shamba mtoto hakubaki na ukuta. Wewe upo vyumba viwili, geti limefungwa, na mwanamke mwingine mzima aliyemo ndani ni yeye tu. Kwaiyo wewe huna watu wote hao, una mmoja, na huyo mmoja badala ya kumpa kazi umemwacha akae kwenye kiti akuangalie. Mtu mzima aliyezoea kuamka kulima akikaa kwenye kiti miezi mitano atasema tu, mdomo ndo jembe lililobaki.

Mpe mtoto. Lakini mpe kwa heshima na mbele ya mwanae. Usiku mmoja mkiwa mmekula wote mwambie, mayu, naona mjukuu wako akiogeshwa na wewe anatulia kuliko nikimwogesha mimi, naomba asubuhi kuanzia saa tatu mpaka saa tano awe wako, umwogeshe, umpake mafuta, umlaze. Atakubali, sijaona bibi anayekataa. Kuanzia hapo saa tatu ikifika unampelekea mtoto mkononi, unaingia chumbani unafunga mlango unalala. Akisema kitu mlango umefungwa. Na muombe akufundishe kitu chake kimoja, matobolwa (viazi vya kuchemsha na kukausha) au mlenda wake, siyo kwa kujipendekeza, anakijua kweli na hakuna anayemuuliza hapa mjini.

Pampasi usibishane, usiku tumia, mchana mwache atumie nepi zake za kitambaa, na kuzifua anafua yeye, utaona baada ya wiki anasema pampasi siyo mbaya sana.

Lini anarudi Kwimba, hilo siyo lako kuliuliza kamwe, ni la mumeo. Yeye ndo amuulize mama yake kuhusu mashamba na msimu, kwa upole, kwa Kisukuma chao, ukiwa haupo. Akikuambia anaogopa, mwambie na wewe unaogopa ila wewe umejifungua.

Shangazi kwema. Mi naendesha bajaji Igoma, watoto wawili, miaka minne na mwaka mmoja. Mke wangu anashona nyumbani. Sasa kaja na hoja Jumapili moja kila mwezi anataka kutoka na wenzake wawili tangu asubuhi mpaka jioni, watoto nibaki nao mimi. Shangazi Jumapili ndo siku ya hela na mpira. Alafu kijiweni wakijua wataniambia nimekaliwa, mmoja kashasema nimelishwa limbwata. Yeye yupo nyumbani siku zote, anachokaje?

Kwema baba. Hilo swali lako la mwisho nimelisoma kwa sauti wenzangu hapa wakasikia, sitakuambia walichosema.

Jibu unalo mwenyewe. Bajaji yako inalala usiku, inamwagwa oili, inapelekwa gereji. Abiria akishuka Nyakato amelipa umeachana naye. Abiria wa mkeo hawashuki, yule wa mwaka mmoja anamfuata mpaka chooni, na cherehani inaendeshwa huku mtu anavutwa gauni. Siku zote yupo nyumbani, umesema vizuri, na hajawahi kutoka kazini kwa sababu hiyo hiyo.

Jumapili moja kwa mwezi ni siku kumi na mbili kwa mwaka. Wewe kijiweni unakaa dakika ngapi kwa siku ukisubiri abiria, unapiga stori, unakunywa kahawa na kashata? Sikukatazi, mwanaume naye anahitaji kijiwe. Yeye cha kwake anaomba mara moja kwa mwezi na anaomba ruhusa. Kuhusu hela ya Jumapili, kaeni mpige hesabu pamoja, chagueni Jumapili isiyo ya mwisho wa mwezi, bajaji mpe kijana wa kuaminika aendeshe siku hiyo akuletee hesabu. Mpira unaanza jioni, atakuwa amerudi, na kama hajarudi wabebe watoto mkaangalie wote, wa miaka minne anajua kupiga kelele goli.

Limbwata nacheka mpaka leo. Huyo aliyesema, muulize lini mara ya mwisho alimwogesha mwanae, ataanza kuangalia simu.

Asubuhi ya hiyo Jumapili usimwachie akupikie kabla ya kutoka, maana atakesha Jumamosi akiandaa na itakuwa umempa siku moja ukachukua usiku wake. Uji unajua, wali na maharage ya kuchemsha jana yake unaweza, wa mwaka mmoja alale saa sita baada ya kula, ukimchelewesha mpaka saa nane utajuta mwenyewe. Mchana wapeleke watembee, siyo kila kitu kifanyike ndani. Wasiogelee ziwani. Mpe mkeo nauli na hela ya soda bila kuulizwa itatumika wapi, wakae Kamanga waangalie feri, waende kisiwa cha Saanane, walale kwa mwenzao mmoja siku nzima miguu juu, hiyo siyo yako. Na usimpigie simu kuuliza sukari iko wapi.